Usukani kwanza, kijiko baadaye: nilivyobadilisha trekta langu Nachingwea

Shamba letu ni la mikorosho aliyoipanda babu, huku Nachingwea. Trekta kubwa haliingii humo, kwa sababu matawi ya mikorosho ya zamani yameinama karibu na ardhi na kila likipita linavunja. Ndiyo maana nilinunua dogo la mtumba kutoka Japani, la hospawa 18. Kulima linalima vizuri. Lakini samadi, mchanga, matawi tuliyopogoa na mabibo yanayooza chini ya miti tulikuwa tunapakia kwa chepe na karai, na mke wangu alikwisha anza kuumwa mgongo. Nikaamua kutafuta kijiko cha mbele, yaani sanduku la chuma la kuchota na kunyanyua mzigo.

Nilimpelekea fundi wa kuchomelea mchoro wangu wa penseli. Kijiko nilikuwa nimekichora kimefungwa kwenye pua ya injini. Fundi hakujibu. Aliingia uvunguni na tochi ya simu, akagonga kwa spana pale injini inapokutana na gia boksi.

"Baba Zuhura, hili halina chesisi kama gari. Injini na gia boksi zimefungwa kwa boliti, huo ndio uti wa mgongo wake. Ukining'iniza mzigo hapo mbele, siku ukiingia shimoni na kijiko kimejaa, litakatika kiuno."

Kisha akapakia mifuko mitatu ya saruji juu ya ekseli ya mbele, kilo 150, akaniambia nikate kona trekta likiwa limesimama. Nilivuta usukani kwa mikono miwili mpaka kiti kikalia, magurudumu yasisogee. Nikamkumbuka babu. Aliendesha trekta kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, na hadi uzeeni alikuwa akitusimulia mabega yalivyokuwa yakimuwaka jioni. Basi tukakubaliana kuanza na usukani: usaidiwe na oili inayosukumwa na pampu.

Vifaa nilivifuata Dar es Salaam, Gerezani: jeki ndogo ya usukani iliyotolewa kwenye foklifti, inayosukuma pande zote mbili, pamoja na valvu yake inayokaa chini ya usukani. Pampu ilikuwa ya gari dogo, inazungushwa na mkanda kutoka puli ya krenki. Kazi iliyotutesa ni breketi ya pampu. Puli mbili zisipokaa mstari mmoja, mkanda unaruka, na wetu uliruka mara mbili kabla fundi hajakata breketi na kuichomelea upya.

Siku ya kuwasha, nilikata kushoto, trekta likaenda kulia! Tulikuwa tumefunga hozi mbili za jeki kinyume, tukazibadilishana nafasi, yakaisha. Likabaki povu kwenye oili na kelele za pampu, maana yake hewa imo ndani. Tukainua magurudumu ya mbele kwa jeki ya gari, injini ikinguruma taratibu, nikazungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, huku tukiongeza oili, hadi povu likakata.

Hozi ndiyo iliyonitia hasara. Muuzaji mmoja aliniuzia mpira wa kawaida akiapa kwamba unahimili presha, nao ukapasuka siku ya tatu. Kabla haujapasuka niliona unyevu, nikanyoosha mkono kuupapasa. Fundi alinishika kifundo kwa nguvu, akachukua kipande cha boksi na kukipitisha pale. Oili yenye presha ikitoka kwenye kitundu cha sindano inapenya ngozi, na mtu anaweza kupoteza mkono. Nunua hozi yenye nyaya ndani, iliyobanwa ncha kwa mashine.

Kijiko chenyewe kilikwenda haraka. Fremu ya chuma cha chaneli inapita pande zote mbili hadi kwenye ekseli ya nyuma, ili mzigo usielemee pale injini inapokutana na gia boksi. Jeki mbili za kunyanyulia zinatumia pampu ileile ya trekta inayoinua jembe. Kijiko kinabeba kama lita 100. Kikijaa mchanga wenye unyevu ni zaidi ya kilo 150.

Mzigo wa kwanza uliniogopesha. Magurudumu ya nyuma yalianza kuwa mepesi, na trekta hili breki zake ziko nyuma tu, kwa hiyo ukiteremka mlima hivyo huna breki. Tulijaza nusu pipa zege, kama kilo 240, tukalifunga nyuma panapokaa jembe. Sasa sibebi mzigo kwa kijiko bila pipa hilo nyuma, na nikibeba mzigo naendesha kijiko kikiwa chini, usawa wa magoti.

Msimu uliopita mke wangu alizoa mabibo ya safu nzima peke yake, amekaa kitini, anakata kona kati ya mikorosho kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye lever ya kijiko. Nilisimama pembeni na karai langu, nikaliweka chini. Ekseli ya mbele bado ni ileile ya kiwandani, kwa hiyo beringi zake nazikagua kila Jumapili, na Zuhura ndiye anayenishikia tochi.