Yesu Hakumkimbilia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mama yangu amelazwa, nyonga imevunjika. Wengi mnajua kuwa mama ni Mwislamu, kama nilivyokuwa mimi kabla Bwana hajaniita. Jumanne, saa ya kuona wagonjwa, kikundi cha maombezi kiliingia wodini. Hawakumuuliza jina wala hali. Walimwekea mikono juu ya ushungi wake, wakakemea pepo kwa sauti, kisha dada mmoja akamwinamia na kumwambia kwamba asipofuatisha sala ya toba hatapona. Mtu asiyeweza hata kujigeuza kitandani angekwenda wapi? Nilipofika nilimkuta analia. Akaniuliza kama na mimi naamini ana pepo.

Tangu siku hiyo nimekaa na Marko 10, yule tajiri aliyekuja mbio akapiga magoti mbele ya Yesu. Jamani, huyu alikuja mwenyewe! Anataka uzima wa milele, ameshapiga magoti. Imeandikwa Yesu akamkazia macho, akampenda, akamwambia ukweli wote bila kuupunguza. Yule mtu akaondoka kwa huzuni. Na Yesu akamwacha aende. Hakumkimbilia njiani, hakumtishia ugonjwa, hakuwatuma Petro na Yohana wamzuie. Anayejua mioyo yote, mwenye mamlaka yote, aliheshimu mgongo wa mtu anayeondoka. Tena alikuwa anampenda! Mpendwa, wewe unayeshika mkono wa mgonjwa mpaka akubali, umejifunza kwa nani? Roho Mtakatifu ndiye anayemshawishi mtu, naye hajawahi kukuomba umsaidie kwa vitisho. Ukilazimisha, unaonyesha kwamba huamini kuwa Mungu anaweza kumfikia mtu huyo kesho, ukiwa haupo.

Niseme wazi, hata kama tutakwazana. Tunapenda mno kurudi na hesabu ya waliookoka. Mwanamke mwenye maumivu aliyesema "amina" ili aachwe apumzike anaandikwa kwenye orodha, na kanisa linapiga vigelegele. Hiyo si injili. Bwana aliwaonya Mafarisayo waliozunguka bahari na nchi kavu kutafuta mwongofu mmoja, na sisi tunausoma mstari huo kana kwamba unawahusu wengine.

Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 19, inatupa uhuru wa kutangaza dini, na hapo hapo inasema ni hiari ya mtu binafsi. Surat al-Baqara nayo inasema hapana kulazimisha katika dini; mama alinifundisha aya hiyo nikiwa mdogo, na nilipobatizwa aliishika, ingawa ilimuuma. Tusisahau pia Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012, ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani ulivyoishia makanisa kuchomwa moto. Madhara ya dharau ndogo kwa dini ya jirani hubebwa na wengi.

Mimi nililetwa kwa Kristo na dada niliyekaa naye chumba kimoja chuoni. Ramadhani aliniamsha kula daku, kwa sababu usingizi wangu ulikuwa mzito. Msiba wa baba alikuja akakaa mkekani na wanawake wa kwetu, akajifunika kama wao. Hakuwahi kuniwekea trakti, yaani kijikaratasi cha injili, chini ya mto. Mimi ndiye niliyemuuliza anaomba nini kila alfajiri, naye akanieleza bila haraka. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "kwa upole na kwa hofu". Dada yule aliishi hivyo, nami nikauliza.

Basi mnaokwenda kutembelea wagonjwa Jumamosi hii, tafadhali anzeni kwa muuguzi wa zamu. Msalimieni mgonjwa kwa salamu yake. Muulizeni kama angependa aombewe, na akisema hapana, mpeni uji, muulizeni habari za watoto wake, kisha mwageni vizuri.