Kitabu Kilichokatika Njiani

"Shangazi, kurasa zimechanwa!"

Mpwa wangu aliingia bila hata kupiga hodi, kidole kimebanwa mwishoni mwa kitabu. Nilikipokea nikakagua. Hakuna kilichochanwa. Wednesdays in the Tower, kitabu cha pili katika mfululizo wa hadithi za watoto wa Jessica Day George, kinaishia pale pale alipofika yeye: binti mfalme Celie na wenzake wametupwa nchi nyingine, basi, jalada.

Ili hasira yake ieleweke, lazima niseme tulikotoka. Kitabu cha kwanza, Tuesdays at the Castle, cha mwaka 2011, tulikisoma pamoja kwa sauti, tukicheka. Humo mwandishi alibuni kasri lenye akili zake, linaloongeza vyumba siku za Jumanne na kumhamishia mgeni lisiyempenda kwenye chumba kibovu. Celie, binti mfalme wa mwisho kuzaliwa, ndiye pekee anayejishughulisha kulichorea ramani. Maadui wanakuja, wazazi wanadhaniwa wamekufa, watoto wanapigana kwa vituko, na kila kitu kinafungwa vizuri. Mpwa wangu alikuwa ameanza kuchora ramani ya nyumba yetu, pamoja na milango isiyokuwepo.

Cha pili, cha mwaka 2013, alitaka kukisoma mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemtangulia, nikanyamaza nisimharibie. Humo Celie anakuta yai la rangi ya chungwa, kubwa kama boga, kwenye mnara mpya. Linaangua grifini, mnyama mwenye kichwa na mbawa za tai na kiwiliwili cha simba. Anampa jina Rufus, jina la simba wake wa kuchezea, na kasri lenyewe linataka siri itunzwe.

Hapo ndipo penye utamu. Fikiria kumficha mnyama anayekua kila uchao, anayelia njaa usiku, ndani ya nyumba iliyojaa watumishi! Na Lulath, mwanamfalme mgeni anayeivunjavunja lugha ya wenyeji bila haya, nilimcheka peke yangu kama mwehu. Ila katikati mwendo unazorota. Mchawi Arkwright anajua mengi kuhusu historia ya kasri na hasemi, watoto wanauliza, hasemi tena. Nilitamani kumtikisa.

"Kwa hiyo mwandishi amechoka?" mpwa wangu aliuliza, amekaa kitandani kwangu bila kukaribishwa.

Nikamwambia hakuchoka, kaamua. Nikamwambia pia kwamba sikuupenda uamuzi huo. Hadithi nzito ya vita ikikuacha njiani, unavumilia, umeshazoea kuteswa. Lakini hadithi nyepesi inakualika kwa ahadi kwamba utacheka na utalala vizuri. Kitabu cha kwanza kilitimiza. Hiki cha pili ni nusu ya hadithi, nusu nyingine lazima uitafute kwingine.

Alinisikiliza, kisha akaanza kunigeuka. Kumbe hasira yake haikuwa kwa mwandishi. "Kasri ndilo limewapeleka," alisema. "Linaumwa. Limewachagua wao kwa sababu wazazi wangeuliza maswali mengi." Akanionyesha zile sura ambazo vyumba vinajitokeza siku zisizo za Jumanne, ambazo mimi nilizipita nikiona ni mapambo tu. Alikuwa na hoja, nikakiri moyoni, ingawa kwa sauti niliendelea kubisha. Dalili zimepandwa vizuri. Bado nasema mwisho wenyewe umekatwa kwa panga.

"Unakipa ngapi kwa kumi?" akauliza.

"Saba."

"Saba! Kina grifini, Shangazi!"

Yeye alikipa tisa, akaondoa moja kwa ajili ya Arkwright. Nilipomwambia kwamba kuna cha tatu, Thursdays with the Crown, kilichotoka mwaka 2014, alinitazama kama mtu aliyefichwa urithi wake, akataka kujua kwa nini tulikuwa tunapoteza muda kubishana.