Nilipoacha kumwambia binti yangu "mgongo!"

Karibu mwaka mzima, neno nililomwambia binti yangu mara nyingi kuliko yote lilikuwa "mgongo!" Akila, mgongo. Akiandika, mgongo. Anajinyoosha, nikienda jikoni nikirudi nimkute ameshajikunja tena. Alikuwa na miaka 11, darasa la sita, na mabega yalikuwa yamekuja mbele kiasi kwamba shangazi yake alipotoka Muheza kututembelea akaniuliza, "Wifi, huyu mtoto anaota kibiongo?"

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikampeleka hospitali.

Mtaalamu wa fiziotherapia alimsimamisha miguu pamoja, akamwambia ainame taratibu, mikono ikining'inia kama anayetaka kuokota kitu chini. Yeye akachuchumaa nyuma yake, akautazama mgongo kwa usawa wa macho, kisha akaniita na mimi nitazame. Mbavu za kulia na kushoto zilikuwa sawasawa. Upande mmoja ungepanda kuliko mwenzake, alisema, angetaka picha ya eksirei, maana huenda uti wenyewe unapinda kwenda ubavuni, na hali hiyo huweza kuzidi haraka mtoto anapobalehe na kurefuka. Akauliza kama anaumwa mgongo usiku, kama ana homa au anakonda, kwa sababu kifua kikuu nacho hushika uti wa mgongo. Hana. "Mama, uti uko salama," akasema. "Angalia mtoto anabeba nini na anakaaje."

Nikaanza na begi. Nililipeleka duka la jirani likapimwa kwenye mizani ya unga: kilo 6 na nusu. Mtoto mwenyewe ana kilo 31. Nilikuwa nimeambiwa begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, likizidi sana iwe asilimia 15, yaani kilo 3 hadi 4 na nusu hivi. Tukamwaga kila kitu mkekani. Kaunta buku nane, na ratiba ya siku hiyo ina masomo matano. Kamusi. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa. Na mawe ya mdako ndani ya soksi! Sasa anapanga begi kila usiku kwa kufuata ratiba, chupa ni ya nusu lita, na mikanda tumeikaza, begi lisimshukie makalioni.

Meza ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Anaandikia meza yetu ya chakula, na mimi siku zote nilikuwa namtazama kwa juu. Siku moja niliinama kuokota kijiko nikaiona miguu yake: inaning'inia, vidole vinatafuta sakafu. Ukikaa hivyo hata dakika kumi utaiangukia meza tu. Fundi seremala akanigongea kisanduku kwa mabaki ya mbao, nyayo zikapata pa kutua, nami nikamwekea khanga iliyokunjwa kitini ili viwiko vilingane na meza. Simu nayo imetoka mkekani, inaegemeshwa kwenye kopo la sukari juu ya kabati, na katuni ikiisha lazima ainuke.

Akiandika, nikaona mabadiliko ndani ya wiki mbili. Akitembea, mabega yaleyale.

Aliyeligundua ni mama yangu. Alikaa barazani jioni moja akamtazama mjukuu wake anavyopita mbele ya vijana wa kijiweni, daftari kalibana kifuani. "Mwanangu," akaniambia, "huyo hajapinda. Anaficha kifua." Nilinyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa nikipaza sauti mbele ya wageni, mbele ya kaka zake: toa kifua!

Nilizungumza naye nikiwa namsuka, kwa sababu akinipa kisogo huwa anasema. Nilimwomba radhi. Akauliza, "Kwa hiyo hutasema tena mbele ya watu?" Nikamwahidi. Tulienda sokoni wawili tu, tukanunua sidiria za kuanzia mbili na shati la shule lenye nafasi. Shangazi yake akaja tena, safari hii kukaa naye chumbani kumweleza mambo ya kukua, kama yeye mwenyewe alivyoelezwa.

Watu wamenishauri nimbebeshe ndoo kichwani, eti hunyoosha shingo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Siwezi kumtwisha mtoto wa kilo 31. Ninachomwachia ni michezo: rede, kuruka kamba, na kupanda mwembe wa bibi yake.

Sasa ni miezi minne. Mabega hayajarudi yote, bado akipita kijiweni hujikunja kidogo, nami sisemi kitu. Lakini daftari linakaa ndani ya begi. Na kile kisanduku fundi amekipunguza inchi moja, maana miguu imeshaanza kufika chini.