Nilivyorudishiwa pesa ya jino bila kudai uzembe

Milioni moja na laki saba kwa meno mawili ya nyuma, kutibu mizizi na kuvisha kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino. Ndiyo bei niliyopatana na kliniki moja binafsi hapa Mwanza, jina lake naliacha. Nauza nyavu, kamba na maboya Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na kipindi kile sangara walikuwa wanapatikana, kwa hiyo wavuvi walinunua na hela ilikuwepo. Nikisimulia habari hii, wengi huniuliza kwa nini sikung'oa tu, yakaisha. Kung'oa ni bei ndogo, kweli. Lakini nayataka meno yangu.

Jino la juu halijanipa shida. La chini kushoto lilianza kupwita usiku muda mfupi baada ya kuvishwa kofia, kisha fizi ikatoa kijipu chenye usaha. Kliniki wakanipa antibayotiki na kuniambia litatulia. Halikutulia. Niliporudi nikaambiwa sasa ling'olewe, niwekewe la bandia, na hilo lina bei yake. Nikauliza, "Na ile niliyokwisha kulipa?" Dada wa mapokezi akaniangalia kwa huruma kabisa: "Mama, hiyo ilikuwa ya matibabu."

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Shemeji alitaka twende polisi. Binti yangu alishatunga stetasi ya WhatsApp yenye jina la kliniki na picha ya shavu langu lililovimba. Nikamwambia aifute kabla haijasambaa. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuna madai ya kukashifiwa. Ukiandika hadharani usichoweza kukithibitisha, unaweza kujikuta wewe ndiye unayejitetea. Polisi nao si wakusanya madeni, na sikuwa na jinai yoyote ya kuwapelekea.

Aliyeninyoosha ni msaidizi wa kisheria wa mtaani kwetu, mama wa Kisukuma ambaye hapendi maneno mengi. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawasimami mahakamani kama mawakili, ila wanakuonyesha njia na kukusaidia kuandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mayu, unataka nini hasa? Pesa yako, jino lako, au yule daktari aadhibiwe? Maana ofisi ya kila kimoja ni nyingine."

Swali lile nililala nalo usiku. Nilikuwa nimevichanganya vyote vitatu.

Akanieleza hivi. Ukitaka mtaalamu achunguzwe, unaandika kwa Msajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linasimamia madaktari na madaktari wa meno chini ya sheria yake ya mwaka 2017. Baraza linagusa leseni na mwenendo. Si mahali pa kudai urudishiwe hela. Ukitaka mamlaka ya karibu ikiangalie kituo chenyewe, unaanza kwa Mganga Mkuu wa Jiji ukiwa Nyamagana, au wa Manispaa ukiwa Ilemela. Kama ulidanganywa kwenye tangazo au bei, Tume ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya walaji, na huduma zinahesabika humo sawa na bidhaa. Pesa ni mahakamani, na hapo pana njia mbili zisizolingana kabisa.

Ya kwanza ni kudai uzembe. Lazima uonyeshe kwamba daktari alifanya chini ya kiwango ambacho daktari wa kawaida mwenye taaluma ile angekifikia, na kwamba hilo ndilo lililokuumiza, si ubovu wa jino lenyewe. Unahitaji daktari mwingine wa meno akubali kuja kutoa ushahidi. Mwanza hii, ambako madaktari wa meno wanafahamiana wote? Kesi ya namna hiyo haiendi mahakama ya mwanzo, na muda wake wa kufungua ni miaka 3.

Ya pili ni mkataba. Mlipatana kazi fulani kwa bei fulani, kazi haikufanyika mlivyopatana. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kuvunjwa kwake. Muda ni miaka 6. Na deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linasikilizwa mahakama ya mwanzo, kwa Kiswahili, bila kulazimika kuwa na wakili.

Nikachagua mkataba. Ila mkataba nao unataka uonyeshe ni kitu gani hukupewa, na hapo maumivu peke yake hayatoshi. Jino linaweza kuuma hata likitibiwa vizuri. Kliniki walilisema hilo mara nyingi, na walikuwa sahihi.

Basi nikaandika barua ya kuomba nakala ya faili langu na picha zote za eksirei. Walisita. Wakasema faili ni mali ya kliniki. Makaratasi sawa ni yao, lakini taarifa zilizomo ni za mwili wangu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake. Nilipoitaja sheria hiyo kwenye barua ya pili, nakala zikatoka. Barua zote nilipeleka mbili mbili: moja wanabaki nayo, nyingine wananigongea mhuri wa kupokea. Usikubali kuambiwa "iache hapo mezani, bosi ataiona."

Ndani ya faili kulikuwa na ankara ambayo sikuwahi kuisoma vizuri, kwa kuwa nani husoma ankara akiwa na ganzi mdomoni. Kwenye jino la chini waliandika: matibabu ya mzizi, mifereji 3.

Nikalipeleka jino hospitali ya serikali kwa daktari mwingine, nikapigwa picha mpya. Alinionyesha kwenye picha kwa kalamu. Gego lile la chini huwa na mizizi miwili, na ndani yake mara nyingi mna mifereji mitatu. Mfereji ni njia nyembamba ndani ya mzizi; husafishwa, hupanuliwa, kisha hujazwa, na kijazio chake huonekana cheupe kwenye eksirei. Kwangu ulionekana mstari mweupe mmoja tu, nao umekomea katikati ya mzizi. Chini ya mizizi kulikuwa na kivuli cheusi, ndipo usaha ulipotokea.

Nikamuuliza, "Daktari, huu si uzembe?" Akacheka kidogo. "Mimi nitakuandikia ninachokiona. Hilo jina mtapeana huko mbele." Akaandika ripoti fupi: idadi ya mifereji iliyojazwa, urefu wa kijazio, kivuli, na kwamba jino linaweza kutibiwa upya. Hakumtaja mtu. Nilivunjika moyo kidogo siku ile, nilitaka aseme neno kali. Baadaye niliona ripoti ile ilikuwa bora kuliko neno lolote kali, maana hakuna aliyeweza kuipinga.

Sasa nilikuwa na kitu cha kudai. Mteja wangu akilipia marobota matatu ya nyavu nikampa moja, hatuhitaji bingwa wa uvuvi kuja kueleza.

Notisi ya madai tuliiandika ukurasa mmoja. Nilichotaka: 850,000 ya jino la chini, pamoja na gharama ya kulitibu upya. Jino la juu sikuligusa, kwa sababu walilitibu vizuri. Msaidizi alinisihi pia nisiingize fidia ya maumivu na kukosa usingizi. Kiasi chake hakina risiti, na kingewapa kisingizio cha kubishana miezi. Tuliwapa siku 14, tukaambatisha ankara, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), muamala wa simu na ripoti.

Mwenye kliniki akanipigia mwenyewe. "Mama, matibabu ya meno hayana garantii." Nikamjibu kuwa naelewa, sikulipia garantii, nililipia mifereji mitatu. Akasema nirudi anitibie upya bure. Wengine wangekubali, na si vibaya kama bado unamwamini mtu. Mimi sikuwa tayari kufumbua mdomo kwenye kiti kile tena. Siku 14 zikapita bila malipo, nikafungua madai mahakama ya mwanzo. Ada haikuwa ya kutisha.

Walipopata wito, simu ikabadilika sauti. Wakaleta karatasi ya makubaliano: watarudisha 850,000 na kuongeza 200,000 za matibabu mapya, kwa awamu mbili. Aya ya mwisho ilisema sitalalamika kwa chombo chochote. Niliikata kwa kalamu, nikasaini pembeni, nikawarudishia. Pesa ni kati yangu na wao, lakini haki ya kulalamika kwa Baraza sikuwa nimeiuza. Walinung'unika, wakasaini.

Hatukumalizana mlangoni kwao. Tulikwenda na karatasi ile kwa hakimu, akayaandika makubaliano yawe amri ya mahakama. Tofauti yake ni kubwa: mtu akikwama kwenye awamu ya pili, huanzi kesi upya, unaomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe alipe. Awamu ya pili ilichelewa kweli, na nilipowakumbusha neno hilo moja, kesho yake ilikuwa kwenye simu yangu.

Jino limetibiwa upya, kofia ya zamani ikakatwa, nimevishwa nyingine. Safari hii nilidai mpango wa matibabu kwa maandishi kabla ya ganzi: jino gani, mifereji mingapi, kofia ya aina gani, na jina la atakayefanya.

Hilo la jina ndilo lililonifanya niliandikie Baraza hata baada ya kulipwa. Kwenye faili la kliniki ile palikuwa na saini bila jina wala namba ya usajili, na nilipouliza ni ya nani, kila mtu alinielekeza kwa mwenzake. Sikuandika kwamba nilitendewa uzembe. Niliuliza tu nani alinitibu, na kama amesajiliwa kama daktari wa meno. Wamejibu kuwa barua imefika, wakaomba nakala ya eksirei zote mbili, ya kliniki na ya hospitali. Nimewatumia.