Picha Iliyokatwa

Jana nilikuwa Kibuye, hapa Kisumu, wachuuzi walipoondolewa kando ya barabara.

Leo asubuhi nimesoma vichwa viwili kwa muuza magazeti: kimoja kinasema barabara imesafishwa, kingine kwamba akina mama wamenyang'anywa riziki.

Picha ni ileile, ila gazeti la kwanza limeikata pale linapoanzia lundo la nyanya zilizokanyagwa, na kiwiko changu kimebaki ukingoni kama shahidi asiyeulizwa.

Nilikumbuka uchaguzi wa Agosti 2022, fomu za 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo cha kura, zikiwa wazi kwa kila mtu, na bado runinga zetu zikionyesha jumla tofauti. (Angalau fomu tuliweza kuzihesabu wenyewe.)

Nimeyanunua yote mawili, shingo upande.

Ninyi wenzangu, mkitaka kujua lililotokea, huwa mnamwamini nani kwanza?