Kalipa Haikuwa na Kosa: Nilivyobaini Breki Iliyogoma Kuachia

Nikirudi Dar es Salaam kutoka Morogoro, nilihisi gari likivuta upande wa kushoto na kupungua mwendo upesi kila nilipoondoa mguu kwenye mafuta. Niliposimama Chalinze nilidondosha maji kwenye rimu zote nne, na ya mbele kushoto pekee ndiyo iliyoyachemsha papo hapo.

Fundi alibadilisha pedi za breki. Baada ya siku mbili harufu ya kuungua ikarudi, naye akashauri ninunue kalipa nzima, yaani kile kifaa ambacho pistoni yake husukumwa na mafuta ya breki ili kubana pedi. Nikaona heri nipime kwanza.

Asubuhi, breki zikiwa zimepoa, nililipandisha gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya stendi, kwa kuwa jeki peke yake siiamini. Gurudumu lilizunguka kwa wepesi, nikadhani nimejisumbua bure. Ndipo nilipomwomba mke wangu awashe injini, akanyage breki mara kadhaa, kisha aachie. Likawa zito hata nikaligeuza kwa mikono miwili. Nikalegeza kidogo nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, mafuta ya breki yakachuruzika kwa nguvu, na gurudumu likaachia. Kama pistoni au pini za kalipa zingekuwa zimekwama kwa kutu, kuyatoa mafuta hayo kusingesaidia kitu. Kwa hiyo shinikizo lilikuwa limenaswa ndani ya kalipa, na kizuizi kilikuwa kabla yake.

Nilifunga nipeli, akakanyaga tena na kuachia, na safari hii nikalegeza kiungo cha juu, pale mpira wa breki, bomba laini linalofikisha mafuta kwenye kalipa, unapokutana na bomba la chuma. Gurudumu halikuachia. Ingekuwa masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedali ya breki, ndiyo inayozuia mafuta yasirudi, lingeachia hapo hapo.

Niliufungua mpira na kuuchana kwa kisu. Nje ulikuwa mzima kabisa, lakini ndani ulikuwa umevimba hadi tundu likakaribia kuziba. Mguu wa dereva una nguvu ya kuyapenyeza mafuta humo, ilhali pistoni hurudishwa na mnyumbuko mdogo tu wa sili yake (raba inayoizunguka), ambao hauwezi kuyasukuma yarudi.

Nilibadilisha mipira yote miwili ya mbele, maana umri wake ulikuwa mmoja, tukatoa upepo kwenye breki, nikaendesha hadi Kibaha na kurudia kipimo cha maji. Rimu zote zilibaki na matone yake. Pedi zile mpya, hata hivyo, joto lilikuwa limezing'arisha kama kioo, nikalazimika kununua nyingine.