Siku ya mpishi wa maulidi, Ujiji

Mgeni anayefika Ujiji kwenye Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, huona kanzu, dufu na moshi wa udi. Wengi hushuka kwanza pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, wanasoma mwaka 1871, wanapiga picha, ndipo wanasikia kuna maulidi mtaani. Moshi wa uani hawaufikii. Huo ndio wetu, wapishi wa shughuli, na hii ni siku ya kisomo cha usiku kwa watu 300.

Saa 12 asubuhi. Hesabu kwanza, soko baadaye. Kilo 1 ya mchele hulisha watu 8 wakila pilau kwa sinia. Kwa 300 tunachukua kilo 40, na ile ziada ni ya watoto wa madrasa na majirani ambao hakuna aliyewaalika wala atakayewafukuza. Nyama kilo 20, vitunguu maji kilo 8, mafuta lita 6, kitunguu saumu na tangawizi nusu kilo kila kimoja. Bizari nyembamba gramu 400, hapo hakuna kubana. Karafuu chache mno, maana zikizidi chakula kinanuka dawa ya meno. Mawese ni fahari ya Kigoma, lakini kwenye pilau hayaingii: rangi yake inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kahawia.

Saa 2. Kuchambua mchele. Kazi ya mkeka na macho, na hapa kila mkono unakaribishwa. Yupo mwanafunzi kutoka Ujerumani anayekaa na familia moja hapa mtaani. Alikuja na daftari, akapewa ungo, na kwenye kilo 5 za kwanza akatoa mawe manne ambayo yangemvunja shehe jino.

Saa 5 hadi saa 9. Nyama inachemka na tangawizi na chumvi, supu inapimwa na kuwekwa kando, vitunguu vinakatwa. Hakuna la kusimulia, ila machozi.

Saa 10 na nusu. Kukaanga. Kilo 40 hazipikwi kwenye sufuria moja hata kama unayo kubwa ya kutosha, kwa sababu chini kutaungua na juu kutabaki na kiini. Tunagawa sufuria nne, kilo 10 kila moja. Vitunguu vikishaiva rangi, kinaingia kitunguu saumu, halafu viungo, halafu nyama, halafu supu. Mchele uliolowekwa nusu saa unataka lita 16 za supu kwa kilo 10, usiolowekwa lita 18. Mchele mpya wa msimu hunywa maji machache kuliko mkuukuu, kwa hiyo ukinunua duka usilolizoea, pika kikombe kimoja asubuhi uujue.

Saa 11 na nusu. Supu inatokota, mchele unaingia sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjomba wa mwenye shughuli anatokea mlangoni, simu sikioni.

"Mpishi, kuna madrasa mbili zinakuja kutoka mjini. Ongeza kidogo."

"Kidogo ni wangapi, mzee wangu?"

"Kama themanini hivi. Si unatia tu mchele na maji humo humo?"

Hapana. Mchele ulioanza kunywa supu ukiongezewa mbichi juu yake, wa zamani utakuwa bokoboko kabla mpya haujalainika, na hapo umeharibu chakula cha 300 ili kuwalisha 80. Dawa ni sufuria ya tano, na ya tano haina kitu. Mchele ulikuwepo, kilo 10 za akiba dukani. Nyama hakuna, kwa hiyo tulichota bakuli moja kutoka kila sufuria kabla ya kufunika, na viazi kilo 5 vikaziba pengo. Supu ilibaki lita 4, lita 14 zikawa maji matupu, hivyo bizari na chumvi vikaongezwa.

Kilichotutesa ni kuni. Kuni ngumu za miombo ziliishia kwenye zile sufuria nne, na zilizobaki zililala chini ya mwembe, zimelowa. Moshi ukatanda uani kote, maji yakawa ya moto bila kutokota. Mjomba anarudi kila baada ya dakika tano: "Bado tu?" Kila mtu anataka umwage mchele. Usimwage. Mchele ukikaa kwenye maji ya uvuguvugu unavimba na kupasuka, na ukishapasuka hakuna fundi wa kuurudisha. Tuliazima makaa ya chini ya sufuria ya kwanza na kukoka upya. Ikachukua karibu saa nzima.

Magharibi ya Kigoma huchelewa ile ya Dar es Salaam kwa dakika kama 40, na safari hii zilitufaa.

Ikafuata kupalia. Supu ikishakauka hadi usawa wa mchele, geuza mara moja tu, mwiko ukipita ukingoni kwenda chini. Ondoa kuni, acha makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Yule mwanafunzi akataka kufunua aone.

"Mama, nitajuaje umeiva bila kufungua?"

"Sikiliza, mwanangu. Ukitokota bado una maji. Ukichachatika kwa mbali, makaa ya chini yaondoke."

Mvuke ndio unaoivisha mchele wa juu, ukifunua unaukimbiza.

Isha ikapita, sijui saa ngapi. Saa yetu tangu hapo ni kisomo chenyewe: Barzanji, kitabu cha maulidi ya Mtume, inasomwa sura kwa sura, na watu wanaposimama kumswalia Mtume, uani tunafunua. Ndipo kachumbari inakatwa, chumvi inatiwa mwisho kabisa, la sivyo inatoa maji. Inakwenda kwenye bakuli lake, kamwe si juu ya pilau.

Sinia moja watu watano. Wasomaji na wazee wanaanza, wanawake wanapakuliwa wakati huo huo kwa mlango wa nyuma, si baadaye kama wanavyozoea kufanyiwa. Madrasa za mjini zilikula sufuria ya tano. Viazi vingi, nyama ya kutafuta, lakini punje imesimama. Mjomba alipita akasema imetosha vizuri, kama vile alipanga yeye.

Halafu migongo. Ukoko unalowekwa na maji ya moto usiku huo huo, kwani ukilala unakuwa saruji na sufuria za kukodi zinarudishwa saa 3 asubuhi. Sinia zilitoka 78 na zimerudi 75. Mbili ziko msikitini, moja itatafutwa nyumba kwa nyumba, ikikosekana inakatwa kwenye ujira.